Nilivyoshinda Kesi ya Mtani

Hukumu ninayosifiwa nayo ndiyo ninayoionea haya. Kila tunapokutana kwenye semina za mawakili wa haki ya kujieleza, hakosekani mtu wa kusimama na kipaza sauti akaitaja, kisha akaninyooshea mkono nilipokaa, na ukumbi mzima ukanigeukia na vikombe vyao vya chai. Wanapiga makofi. Safari moja walinipa na cheti cha kwenye fremu. Nimekiweka nyuma ya kabati la mafaili, na karani wangu akikiulizia namwambia kioo kimepasuka.

Ofisi yangu iko Morogoro mjini, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Nilianza na mirathi na talaka kama wenzangu wote. Kisha akaja mtangazaji wa redio, kashtakiwa kwa kusoma hewani ujumbe wa msikilizaji, na mawakili wenye akili zao walimkwepa. Mimi nilikuwa sina kazi wiki ile, nikamchukua. Tulishinda kwa sababu shahidi mkuu hakutokea mara tatu mfululizo. Tangu hapo kila aliyeponzwa na mdomo wake aliletwa kwangu: mwalimu aliyeandika jambo kwenye kundi la WhatsApp la shule, kijana mwimbaji wa singeli, mwuza magazeti aliyesoma kichwa cha habari kwa sauti kubwa mno. Makarani wa mahakama wakanipachika jina la wakili wa midomo, nami nikavimba kichwa.

Wacha niseme ukweli wa kazi hiyo, maana kwenye semina hausemwi. Nyingi ya kesi nilizoshinda nilizishinda kwa vitundu vidogo. Tarehe imekosewa kwenye hati ya mashtaka. Simu ilichukuliwa bila kibali. Polisi aliyeandika maelezo kahamishiwa mkoa mwingine. Sikuwahi, hata mara moja, kusimama mbele ya hakimu nikasema: mteja wangu alisema kweli, na ndiyo maana yuko hapa. Kusema hivyo ni kujitafutia kazi ngumu, na nilijiambia kwamba kazi yangu ni kuwatoa watu, basi.

Bibi wa hukumu hiyo aliletwa na binti yake, siku ya pili baada ya kupata dhamana. Alikuwa amekaa mahabusu siku tano, na miguu ilikuwa imemvimba. Alitoka kijiji kimoja cha mlimani, juu ya Mlali, mjane, mkulima wa ndizi na magimbi, mwenye simu ya kitochi, isiyoingia mtandaoni, aliyoifunga kwenye pindo la khanga. Nilimwamkia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Weye kabila gani?"

Nikamwambia baba yangu alikuja Morogoro kutoka Tabora kufanya kazi kiwandani. Alicheka mpaka akasahau miguu yake.

"Mnyamwezi! Mtani wangu kabisa. Babu yako alipita hapa na mzigo wa pembe kichwani, leo mjukuu amebeba mafaili. Kazi ileile."

"Na babu zako walikuwa juu mlimani wanamchungulia, wanaogopa kushuka," nikamjibu. Alipiga paja. Nikampenda papo hapo, na mpaka leo nampenda, ndiyo maana jambo hili linanichoma.

Shitaka lake lilikuwa kusambaza taarifa za uongo mtandaoni. Simu yake, nimeshasema, ilikuwa kitochi. Lakini kulikuwa na video.

Nimeitazama video ile mara nyingi kuliko video yoyote maishani mwangu. Ni uani kwenye msiba. Aliyefariki ni mama mzazi wa mwenyekiti wa kamati ya maji ya kijiji, na ukoo wa marehemu na ukoo wa bibi yangu ni watani wa tangu na tangu. Kwa Waluguru, ukoo wa watani ndio unaobeba shughuli ya msiba: kuchimba kaburi, kupika, kuchota maji ya kuoshea maiti. Na katikati ya shughuli hiyo wana ruhusa. Kwenye video wanawake wamekaa mikekani, wengine bado wanalia. Mlango unafunguliwa, anatoka bibi amevaa khanga za marehemu, miwani ya marehemu, ameshika mkongojo wa marehemu, anatembea kama alivyokuwa akitembea marehemu, kiuno kimeenda upande. Watu wanaangua kicheko na machozi yao usoni. Anakwenda moja kwa moja mpaka kwa mwenyekiti, aliyekaa na wanaume, anasimama mbele yake.

"Mwanangu," anamwambia kwa sauti ya mama yake, "nimekuja kuaga. Ila nataka kujua, mabomba yangu yako wapi? Yalipita hapa kwenye gari, meusi yenye mstari wa bluu, nikayaona kwa macho haya. Yakalala kwako wiki mbili, yakashuka tena. Yako kwenye nyumba yako ya wageni kule barabarani, wapita njia wanaoga mpaka wanaimba. Miye mama yako leo nimeoshwa kwa maji ya ndoo, yamepandishwa kichwani kutoka bondeni, yana viluwiluwi. Nikifika huko nikiulizwa mwanao anafanya kazi gani, niseme ni mwenyekiti wa maji?"

Kisha anageukia simu inayomrekodi. "Nawe wifi uliyetoka Dar, shika simu vizuri, usinitetemeshe sura."

Mwenyekiti kwenye video anacheka. Anajifuta macho kwa leso na kucheka, maana mtani hajibiwi na mtani hakasirikiwi, mila haimruhusu. Mpaka maziko yanakwisha hakuna aliyenuna. Ni pale video ilipoteremka mlimani, ikaingia kwenye makundi ya WhatsApp mpaka ya wakubwa wa wilayani, ndipo mtu wa kamati ile akaenda polisi. Wifi wa Dar alikuwa ameshaondoka zamani na laini amebadilisha. Akakamatwa aliyeonekana usoni.

Nilikaa na bibi ofisini nikapanga utetezi. Hoja ya kwanza, kwamba hakusambaza yeye, haikuwa na nguvu niliyoitaka, kwa sababu ya yale maneno ya "shika simu vizuri". Mwendesha mashtaka angesema alishirikiana na mrekodi, na kwa hakimu yule ningeweza kushindwa. Hoja ya pili ilikuwa kwamba aliyoyasema ni kweli.

"Ni kweli," bibi alisema. "Panda gari twende nikakuonyeshe. Vituo vya kuchotea vipo vinne, vimepakwa rangi, havijawahi kutoa tone. Mabomba yameishia kwenye migomba yangu, hapo mtaro umefukiwa. Ukitoka hapo nenda nyumba ya wageni ukahesabu mstari wa bluu."

"Una karatasi yoyote, bibi? Stakabadhi? Mtu wa kamati atakayekubali kutoa ushahidi?"

"Nina macho."

Nikamwambia macho hayatoshi. Hiyo ndiyo kauli ya kiwakili, na ni kweli, ila nilikuwa na njia. Ningeweza kuiomba mahakama ipande mlimani kutembelea eneo. Ningeweza kudai mkataba wa mradi. Ningeweza kwenda mwenyewe Jumamosi moja na kamera. Niliwaza barabara ile, nikawaza kesi itakavyorefuka, nikamwaza bibi wa miaka sabini na kitu, mwenye presha, akirudi mahabusu. Hayo ya mwisho ndiyo niliyojisemea kwa sauti. Yale mengine niliyameza.

Ndipo nikapata wazo langu la dhahabu. Utani! Kila mtu Tanzania anaujua utani. Hakimu mwenyewe ana watani wake, karani wa mahakama na askari wa mlangoni hawaachi kutaniana asubuhi hadi jioni. Nani atamfunga mtu kwa kutania? Nilimweleza bibi nikiwa nimesimama, nimefurahi kama nimeokota kitu.

Hakufurahi. Akasema, "Mtani, weye umezaliwa mjini. Unadhani mtani wa msibani ni mchekeshaji. Siku ile ndiyo siku pekee mtu mkubwa anaambiwa na hana pa kukimbilia. Tunacheka ili aweze kukaa asikie. Hatuchekei uongo."

"Hayo tunajua mimi na wewe," nikasema. "Mahakamani tutasema ulikuwa unatania tu."

"Tu?"

"Tu."

Nilimsikia vizuri sana. Siwezi kudai kwamba sikuelewa. Mimi utani ninaoujua ni ule wa kuitana wala panya kwenye foleni ya benki, na niliuchukua huo nikauweka mahali pa ule wa kwake, kwa sababu huo ndio hakimu angeutambua. Binti yake aliniunga mkono. Mama, kubali, hutaki kulala nyumbani? Bibi akanyamaza, na mimi nikaandika kwenye faili kwamba mteja ameafiki.

Siku ya ushahidi wa mwenyekiti, alikuja amevaa koti la suti na baraghashia mpya. Mwendesha mashtaka akamwongoza, akasema jinsi alivyodhalilika, jinsi familia ilivyoumia katikati ya majonzi. Nikasimama kumdodosa.

"Shahidi, mshtakiwa ni nani kwako?"

"Ni mwanakijiji mwenzangu."

"Ukoo wake na wako wana uhusiano gani?"

Akasita kidogo. "Ni watani."

"Na mtani akikutania msibani, kwa mila zenu, unamfanya nini?"

Hapo alinitazama, kisha nikaona uso wake unafunguka taratibu mpaka ukawa tabasamu. Wakati ule nililisoma tabasamu lile kuwa la mtu aliyenaswa. Niliwaambia wenzangu mchana ule, tukila chipsi, kwamba nimemmaliza. Leo najua kwamba mtu yule aliuona mlango kabla yangu.

"Tunacheka tu, mheshimiwa," alimwambia hakimu. "Hakuna anayechukulia maanani. Mtani anaweza kukwambia umeiba mwezi. Mimi binafsi sina kinyongo na bibi huyu, ni mambo ya kienyeji."

Hakimu naye akatabasamu. Mwendesha mashtaka alikunja uso, shahidi wake mwenyewe amemgeuka. Mimi nikakaa kitini nikiwa mrefu kuliko mlima.

Zamu ya bibi ilipofika aliapa, mkono juu ya msahafu. Nilimuuliza maswali mepesi ya jina na makazi. Kisha nikamuuliza swali lenyewe.

"Maneno yale uliyomwambia mwenyekiti, uliyasema ukiwa na maana gani?"

Alishika ukingo wa kizimba. Hakimu akainua macho kutoka kwenye karatasi. Bibi alikuwa ananitazama mimi. Nikamkazia macho kama mwalimu anayemhimiza mtoto, na naona haya kuandika hilo, lakini ndivyo nilivyofanya.

"Nilikuwa natania," alisema.

"Ulimaanisha kwamba kweli amechukua mabomba?"

"Hapana. Natania tu."

Ile "tu" aliisema polepole, kwa lafudhi yake ya mlimani, akaniangalia nilipokuwa naiandika.

Hoja zangu za mwisho niliziandika kwa mapenzi makubwa. Sentensi moja niliifanyia kazi asubuhi nzima: kwamba maneno ya mtani msibani, kwa asili yake, hayawezi kuchukuliwa na mtu yeyote mwenye akili timamu kuwa ni taarifa ya jambo la kweli. Hakimu aliipenda kiasi kwamba aliichukua yote akaiweka kwenye hukumu, mkato kwa mkato. Bibi akaachiwa huru. Binti yake alipiga vigelegele pale uani. Mwenyekiti alikuja kumshika bibi mkono, akamwita mtani wangu, wakapigwa picha. Picha hiyo ilitoka gazetini na mimi nipo pembeni, nacheka.

Miezi kadhaa ikapita. Nilikuwa nimeshaalikwa kwenye semina mbili.

Kumbe video ile, pamoja na balaa lake, ilikuwa imefanya kazi. Huko wilayani kuna mtu alijiuliza, na timu ya ukaguzi ikapangwa kwenda kijijini kuuliza habari za mradi. Bibi alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya kutoa maelezo. Alivaa khanga zake nzuri. Ofisa akamkaribisha kwa adabu, akamsikiliza mpaka jina la mwenyekiti lilipotajwa. Kisha akafungua faili akatoa karatasi zilizobanwa pini. Ilikuwa nakala ya hukumu. Mwenyekiti alikuwa ameiwasilisha mapema, ina mhuri na kila kitu. Ofisa akamsomea bibi ile sentensi yangu, akamwambia kwa upole kwamba hawezi kuandika maelezo ambayo mtoaji mwenyewe ameshaapa mahakamani kuwa ni utani, na kwamba mahakama imekubali. Majirani waliokuwa nyuma yake kwenye foleni wakasikia. Wengine wakatoka kwenye mstari wakarudi shambani. Kama wa kwanza kaambiwa hivyo, wao watasema nini?

Haya alinisimulia mwenyewe. Alishuka mpaka mjini, akapanda ngazi za ofisi yangu akipumzika kila baada ya chache. Safari hii hakunitania. Alikaa, akaweka mikono magotini.

"Nakuomba uniandikie barua," alisema. "Iseme sikuwa natania."

Nilimweleza. Nilimweleza taratibu, kwa Kiswahili chepesi, maana hayo najua kuyafanya. Kwamba aliapa. Kwamba akiandika leo kuwa yale yalikuwa kweli, ina maana alipokuwa kizimbani alisema uongo chini ya kiapo, na hilo ni kosa lenye kifungo. Kwamba hata mimi niliyemwongoza ningekuwa na maswali ya kujibu.

"Kwa hiyo nikisema kweli nafungwa," akasema.

"Inawezekana, bibi."

"Na nilipokuja kwako mara ya kwanza ilikuwa hivyohivyo. Nikisema kweli nafungwa."

"Ndiyo."

"Sasa umenisaidia nini?"

Nilifungua mdomo. Wakili wa midomo, nikatafuta hoja. Nilitaka kumwambia kwamba amelala kwake miezi yote hii, kwamba presha yake imetulia, kwamba wengine wenye kesi kama yake wako ndani. Yote yalikuwa kweli na hakuna hata moja lililokuwa jibu. Nikamwambia nitapanda mlimani mwenyewe nione la kufanya. Alisema kuna mkutano wa kijiji wiki inayofuata, nije nisikilize.

Nikaenda. Ndiyo mara yangu ya kwanza kufika, baada ya kila kitu kwisha. Nilipita kwenye migomba yake nikauona mtaro, na bomba jeusi lenye mstari wa bluu likichungulia ardhini limezibwa kwa kitambaa, palepale aliposema. Kwa pikipiki, kutoka mjini, ilinichukua muda mfupi kuliko nilivyokuwa nikisubiri kesi moja kuitwa mahakamani.

Mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa shule. Mwenyekiti wa kamati ya maji alikaa meza ya mbele na viongozi wenzake, mtendaji wa kijiji pembeni na daftari la muhtasari. Watu walisimama mmoja mmoja. Mmoja alilalamikia nguruwe pori, mtendaji akaandika. Mwingine akauliza juu ya mbegu za ruzuku, akaandikwa. Mama mmoja akasema zahanati haina dawa, akaombwa arudie polepole ili aandikwe vizuri.

Bibi akanyoosha mkono. Alivaa miwani yake mwenyewe na khanga zake mwenyewe. Hakuigiza mwendo wa mtu. Alisema kwa sauti ya kawaida kwamba mabomba yaliletwa, kwamba aliyaona yakirudishwa, kwamba anajua yalipo, na kwamba anaomba kijiji kichague watu watano washuke naye barabarani leo hii wakayaone.

Mwenyekiti akaanza kucheka hata kabla hajamaliza, kicheko kizuri cha mtu asiye na kinyongo. "Mtani wangu huyo!" akawaambia watu. "Huyu ana hati ya mahakama. Mpigieni makofi." Watu wakacheka, wakapiga makofi, na baadhi yao walikuwa walewale waliobeba ndoo kutoka bondeni siku ya msiba. Bibi hakukaa. Alianza tena tangu mwanzo, neno kwa neno, akiwa amesimama wima, wala hakuna askari aliyemsogelea, wala hakuna aliyemwambia anyamaze.

Mtendaji aliweka kalamu juu ya daftari, akakunja mikono, akasubiri amalize.